Jioni nne za darasa la theluthi mbili mjini Lamu

Darasa hili huendeshwa baada ya sala ya isha katika chumba cha juu cha nyumba ya mawe, si mbali na uwanja wa Mkunguni, na bango lililobandikwa mlangoni linasema kwamba mada ni sababu za mabunge kukwama na maridhiano kudidimia. Ada ni shilingi 1,500 kwa jioni zote nne, na ndani yake mna kahawa tungu, kijitabu cha kurasa ishirini na nane, na kiti cha plastiki ambacho kiuno hukikumbuka mpaka kesho yake. Nililipa kwa sababu ya shida yangu mwenyewe. Mimi ni katibu wa kikundi cha wenye boti zinazovusha abiria kati ya Mokowe na mjini, na katiba yetu inataka theluthi mbili ya wanachama wote, si ya waliohudhuria, ndipo nauli ibadilishwe. Tangu mafuta yapande bei tumeitisha mikutano mitatu, na katika yote mitatu hakuna hata mmoja aliyesimama kupinga. Watu hawakuja tu.

Mwalimu ni mstaafu aliyefundisha historia kwa miaka mingi, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, humwita Maalim. Anasema polepole, hasomi karatasini, na anajua kungoja mpaka adhana ya msikiti wa jirani imalizike bila kupoteza uzi wa maneno yake. Alianza na Seneti ya Marekani, yenye maseneta 100, ambako mswada wa kawaida hupitishwa kwa wingi wa kawaida lakini mjadala wake haufungwi mpaka zipatikane kura 60. Seneta anayetaka kuzuia hutumia mwanya huo, na mbinu yenyewe huitwa filibasta, neno ambalo asili yake ni jina la maharamia wa baharini. Hapo wazee wawili wa nyuma, ambao nadhani walikuja kwa ajili ya kahawa, walikaa sawasawa kwa mara ya kwanza.

Jioni ya pili ndiyo iliyostahili ada nzima. Wengi wetu tulikuwa na picha ya seneta anayesimama usiku kucha akisema mpaka sauti imkauke, na picha hiyo si ya uongo: mwaka 1957 Strom Thurmond alizungumza kwa saa 24 na dakika 18 kupinga sheria ya haki za kiraia, na alipoketi sheria ikapitishwa vilevile. Mwaka 1964 wapinzani wa sheria kubwa zaidi ya haki hizo waliishikilia Seneti kwa siku 60 za kazi, hadi mjadala ulipofungwa kwa kura 71 dhidi ya 29, na kura hizo zilitoka kwa vyama vyote viwili baada ya mazungumzo marefu ya kurekebisha maneno ya mswada. Maalim alisisitiza kwamba wakati huo kuzuia kulikuwa na gharama. Aliyetaka kuzuia alilazimika kuwapo, kuchoka, na kuonekana na watu wake akichoka, na mwenye wingi naye alilazimika kulala bungeni ili kumsubiri.

Kisha akaeleza kilichobadilika, na hapo nilitoa kalamu. Kanuni ya 1917, iliyoruhusu mjadala kufungwa kwa mara ya kwanza, ilidai theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura. Mwaka 1975, baada ya kanuni hiyo kurekebishwa mara kadhaa, kiwango kilishushwa hadi sehemu tatu kati ya tano, jambo linaloonekana kuwa nafuu, lakini hesabu ikawa ni ya maseneta wote walioapishwa. Tangu hapo asiyekuja huhesabiwa kama aliyekataa. Katika miaka hiyohiyo ya sabini Seneti ilianza kuuweka kando mswada unaozuiwa na kuendelea na shughuli nyingine, kwa hiyo mzuiaji hakuhitaji tena kusimama wala kusema. Ilitosha kutoa taarifa ya nia yake. Bi mmoja aliyekaa karibu nami aliuliza, "Sasa, Maalim, huyo anayezuia akiwa kwake amelala, atakuja kupatana na mwenzake kwa haja gani?" Maalim alicheka, akasema, "Hiyo, bibiye, ndiyo mada ya kesho."

Mada ya kesho, kwa bahati mbaya, ilikimbizwa. Tulipewa kwa kasi habari za Novemba 2013, Democrats walipoondoa sharti la kura 60 kwa uteuzi wa majaji wa ngazi za chini na maofisa wa serikali, na za 2017, Republicans walipoliondoa kwa Mahakama ya Juu. Tulionyeshwa pia jinsi sheria za bajeti zinavyopitia mlango wa pembeni usiohitaji kura 60, ndiyo maana mambo makubwa siku hizi hufungwa pamoja katika mswada mmoja mnene wa fedha. Palikuwa na kisa kizuri cha Poland ya zamani, ambako mjumbe mmoja tu aliweza kulivunja bunge zima kwa neno lake, desturi iliyofutwa na katiba ya Mei 3, 1791. Umeme ulikatika katikati ya kisa hicho, na nusu saa ilipotea katika kutafuta taa.

Lawama yangu kubwa ni ya jioni ya nne, iliyotangazwa kuwa ya Kenya na ikapata saa moja tu. Kijitabu kina kurasa mbili kuhusu nchi yetu, ilhali mfano bora wa kila kilichofundishwa uko Nairobi. Ibara ya 256 ya Katiba ya 2010 inataka theluthi mbili ya wabunge wote katika kila bunge ili kurekebisha Katiba, na kwa Bunge la Taifa lenye wabunge 349 hiyo ni kura 233. Mswada wa usawa wa jinsia ulipofika hapo Mei 2016 ulipata kura 195, ukaanguka, na jaribio la Februari 2019 liliishia kwenye viti vitupu, kwa kuwa waliokuwamo ukumbini hawakufika hiyo 233. Hapakuwa na Thurmond wala usiku wa kukesha, na aliyetaka mswada ufe alikwenda zake chakula cha mchana bila jina lake kuandikwa popote kuwa mpinzani. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotunga sheria hiyo, na Bunge halikuvunjwa. Maalim aliyataja haya kwa dakika kumi.

Hakugusa kabisa mvutano wa mwaka huohuo juu ya fomula ya kugawa fedha za kaunti, na hilo ndilo lingewagusa zaidi watu wa hapa. Katika mambo ya kaunti, Seneti yetu hupiga kura kwa ujumbe wa kaunti, na zinatakiwa 24 kati ya 47. Lamu, iliyohesabiwa watu 143,920 mwaka 2019, ina kura moja sawa na Nairobi yenye zaidi ya milioni nne. Maseneta walikwama kwa miezi, wakaahirisha kikao baada ya kikao, na maseneta watatu wakakamatwa na polisi Agosti 17. Hata hivyo walikuwapo, wakibishana mbele ya kamera, na Septemba walikubaliana kwamba fomula mpya ingoje mpaka mgao wa kaunti uongezwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti itakayopunguziwa. Huo ni uzuiaji uliozaa maridhiano, na darasa linalosema kwamba maridhiano yamedidimia halina budi kutuambia kwa nini safari hiyo hayakudidimia.

Kwa huduma yenyewe, ninaipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwalimu anastahili tano, kahawa nne, kijitabu mbili, kwani chapa yake imefifia na majedwali yamekatwa pembeni. Mpangilio wa muda unastahili kurekebishwa: jioni ya tatu iunganishwe na ya kwanza, na Kenya ipewe mbili kamili.

Nimekwisha kupendekeza kikundini kwamba theluthi mbili yetu ihesabiwe kwa waliohudhuria, mradi akidi itimie. Mabadiliko hayo nayo yanahitaji theluthi mbili ya wanachama wote, na mkutano ni Jumamosi. Mwenyekiti wetu nimemlipia nafasi katika duru ijayo ya darasa. Ameniambia kwamba akipata wasaa atakuja.