Mashine ya moshi ya kutafuta hewa inayoingia kwa wizi: uzoefu wangu

Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne, menifoldi yake ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) ni ya plastiki. Likiwashwa asubuhi silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, injini inatetemeka kama inamisi, na likishapata moto linatulia kana kwamba halina shida. Kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari ikasoma P0171: hewa imezidi petroli. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi na koili. Wa pili akataka nibadilishe sensa ya hewa. Menifoldi hakuna aliyeigusa, nikaona bora ninunue mashine ya moshi, inayopuliza moshi kwenye njia ya hewa ili uone unapovujia, nijitafutie mwenyewe.

Lakini kabla hujaitoa mashine kwenye boksi, soma namba za kompyuta ya gari. Mimi nilitazama kiwango ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Kwenye silensa ilikuwa inaongeza zaidi ya asilimia 20. Nikikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, inashuka karibu na sifuri. Hapo ukijua kusoma, nusu ya kazi imeisha. Tundu linaloingiza hewa ya wizi, yaani isiyopita kwenye sensa, ni lilelile, ila kwenye silensa throto (mlango wa hewa ya injini) imejifunga na injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi haionekani tena. Kama namba ingepanda kadiri ninavyokanyaga, ningeacha mambo ya hewa nikatazame pampu ya petroli na chujio lake. Haya ni kwa gari lenye sensa inayopima hewa inayopita. Gari linalopima presha ndani ya menifoldi linaweza kuonyesha namba nzuri tu huku silensa imepanda juu.

Sasa mashine yenyewe. Ni kopo la chuma lenye kipasha moto ndani. Unatia mafuta mepesi ya madini, unaunganisha kwenye betri ya volti 12, moshi mweupe mzito unatoka kwenye mpira. Presha yake ni ndogo, chini ya psi 1 (pauni moja kwa inchi ya mraba), na ndivyo inavyotakiwa. Anayekushauri upulize kwa kompresa ya matairi atakung'olea mihuri ambayo haikuwa mibovu. Geji inasomeka vizuri, na kile kigololi kinachoonyesha mtiririko wa hewa ndicho ninachokipenda zaidi: kikishuka hadi chini ujue mfumo hauvuji, kikibaki juu kuna mahali panavuja hata kama hujaona moshi.

Nyaya za betri ni fupi kupita kiasi. Koni ya kuziba njia ya hewa nayo ni plastiki ngumu, haikai vizuri kwenye mpira wenye mikunjo, na moshi unatokea hapohapo ukakudanganya. Mimi naizungushia raba laini.

Nilipuliza asubuhi, injini ikiwa imezimwa na baridi kabisa, kwa kuwa gasketi ikipata joto inatanuka na kuficha tatizo. Nilichomeka mpira kwenye njia ya vakyumu ya haidrovaki ya breki (kile kinachorahisisha kukanyaga breki), nikashika tochi. Moshi ulianza kutoka taratibu chini ya menifoldi upande wa silinda namba nne, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Halafu kukawa na wa pili ambao sikuutarajia: kona ya mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye menifoldi), imepasuka kwa chini. Moshi ukitoka kwenye ekzosi usihangaike, kuna valvu zilizosimama wazi.

Nilibadilisha gasketi na mpira, boliti nikazikaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa spana ya kupimia nguvu, maana plastiki ikikazwa kwa hasira inapinda. Namba sasa zinacheza ndani ya asilimia 5, asubuhi na mchana.

Kuna mambo moshi hautakuonyesha. Valvu ya mvuke wa petroli ikikwama wazi, injini inavuta hewa kupitia kwenye kanista (chombo kinachohifadhi mvuke huo), na nje huoni kitu. Hiyo naipima kwa kuchomoa mpira wake wa upande wa kanista injini ikiwa kwenye silensa na kuweka kidole kwenye valvu: kama inanyonya wakati imeagizwa kufunga, ni mbovu. EGR (valvu inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini) iliyokwama wazi nayo ni hivyohivyo, moshi unaishia ndani.

Wapo wanaopulizia kabureta klina na kusikiliza injini ikibadilika. Inafanya kazi, ila unamwagia kitu kinachowaka juu ya ekzosi ya moto, mimi siwezi.

Kwa mwenye gari moja, sioni sababu ya kuinunua. Tafuta gereji iliyonayo, na hakikisha unaliacha gari hapo lilale ili lipimwe likiwa baridi. Mwenye turbo ajue presha hii haitoshi kufungua nyufa zinazojitokeza turbo ikisukuma. Atahitaji kifaa kingine.