Dredi za miaka saba, elementi ya nne: uzoefu wangu

Dredi ninazo mwaka wa saba sasa, na pikipiki niliianza kabla ya hapo. Vitu hivi viwili havipendani, na ugomvi wao wote unaishia kwenye elementi, yaani kofia ngumu ya pikipiki. Nimeshanunua nne. Tatu za mwanzo zilikula hela yangu, na moja kati ya hizo nusura inile na mimi.

Ni fundi wa viyoyozi, hapa Dar es Salaam. Asubuhi nashuka kutoka Kimara, napiga kazi Mikocheni, Masaki, pengine Tegeta, narudi giza limeshaingia. Boxer 150, begi la vifaa, na mara nyingi kijana ninayefanya naye kazi kakaa nyuma. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayevaa na kuvua elementi mara kumi kwa siku. Kama pikipiki yako inatoka Jumapili tu, baadhi ya kero zangu hutazijua.

Ya kwanza ilikuwa saizi M, ya kufunika uso mzima. Niliinunua nikiwa na panki. Nywele zilipogusa masikio bado iliingia vizuri. Zilipofika mabegani, kila kuvua ikawa ni kung'oa: inatoka na dredi tatu zimejikunja mbele ya macho, mizizi inawaka moto kama vile nimetoka kwa msusi mwenye hasira. Nikampa shemeji yangu, yeye ana kipara.

Ya pili ilikuwa bakuli, ile nusu inayoishia juu ya masikio. Shilingi 20,000. Hewa tele, dredi zote nje, na trafiki wengi wanachotazama ni kama una kitu kichwani, basi. Lakini juu ya nywele nene bakuli linakaa kama mfuniko juu ya sufuria iliyojaa ugali. Kwenye mteremko wa Kimara upepo ulikuwa unaliinua kwa mbele, mkanda unanikaba koo, na mimi naendesha mkono mmoja nimelishikilia kama mama mwenye ndoo. Na dredi zilizo nje hazitulii. Siku moja tumefika Ubungo, kijana wangu akashuka anajifuta macho. "Kaka," akasema, "leo umenichapa tangu Kimara."

Ndipo nikanunua ile XL.

Nilikwenda Gerezani, muuzaji akanitazama kichwa kabla sijamwambia shida yangu. "Rasta, nywele nazo zinataka chumba chake," akasema, akaniletea XL inayong'aa, ya uso mzima. Nikafunga dredi fundo juu ya utosi, nikavaa. Raha! Hakuna kuvuta, hakuna kubanwa mashavu, fundo limejaa pale juu, na mimi nikaona imenikaa sawasawa. Nililipa 65,000 na kurudi nyumbani najiona mjanja.

Hapa ndipo wenye nywele ndefu wengi tunapopotea. Ile elementi haikuwa imeshika kichwa. Ilikuwa imeegemea fundo. Fundo ni nywele, nywele zinabonyea, na zikishabonyea kinachobaki ndani ni nafasi tupu.

Niligundua hilo Jangwani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mto Msimbazi umepanda barabarani na kurudi, umeacha tope laini lile linaloonekana kama lami iliyolowa. Sikuwa na mwendo, labda 30. Tairi la mbele likaenda lake, mimi nikaenda langu. Kuanguka kwenyewe hakukuwa kitu, kiwiko na goti tu. Ila bega lilipogusa chini, elementi ikazunguka. Ikageuka kichwani, ukingo wa kidevu ukaja puani, na mbele ya macho nikawa naona sponji. Nimelala kwenye Barabara ya Morogoro, giza tupu, nasikia honi ya daladala inakuja na sijui inatokea upande gani. Nikatambaa. Nilipoivua nilikuta nimetambaa kuelekea katikati ya barabara, siyo pembeni. Daladala lilikuwa limesimama, konda ananitukana kwa upendo.

Hilo ndilo lililonifanya nikae chini na kuanza upya, safari hii na futi ya fundi cherehani.

Kichwa kinapimwa kuzunguka sehemu pana, kama upana wa vidole viwili juu ya nyusi, kupita juu ya masikio hadi kisogoni. Dredi zikiwa zimeinuliwa, mimi ni sentimita 57. Zikiwa zimelazwa kuelekea nyuma na kufungwa chini kabisa, pale shingo inapoanza, ni 60. Chapa nyingi huita 57 hadi 58 M, na 59 hadi 60 L. Kumbe L ingenitosha siku zote. Shida ilikuwa mahali pa fundo. Likikaa juu linadai chumba, likikaa shingoni, chini ya ukingo wa elementi, halidai kitu. Mkia unaobaki naudumbukiza ndani ya kola ya jaketi, na kijana wangu hachapwi tena.

Ukiijaribu dukani, funga mkanda kwanza. Kisha shika kidevu cha elementi uitikise kushoto na kulia: ngozi ya mashavu itembee nayo. Ikizunguka mashavu yametulia, rudisha. Halafu isukume kutoka kisogoni kwenda mbele, kama unataka kuivua bila kufungua mkanda. Hili kwetu ni muhimu kuliko kwa wenye kipara, maana dredi zilizopakwa mafuta zinateleza. Ile XL ingeanguka mtihani huu palepale dukani, ila sikuufanya.

Angalia pia lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Yangu hii ya nne ina E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, na namba ndefu inayoanza na 06, yaani kipimo cha usalama kinachotumika Ulaya, ECE 22.06. Stika ya DOT, alama ya usalama ya Marekani, huwa siitegemei peke yake: kule mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na huku stika hizo zinabandikwa hata kwenye bakuli la plastiki. Yangu imeandikwa P/J, maana yake ilipimwa kidevu kikiwa kimefungwa na kikiwa kimefunuliwa.

Ndiyo, nilichukua ile ya kufunua kidevu. Sababu ni mageti ya Masaki. Kila mlinzi anataka kuona sura, na kwa mtu wa dredi kuvua na kuvaa upya ni dakika mbili nzima za kupanga nywele, tena juani. Sasa nabonyeza, nafunua, "Shikamoo mzee, nimekuja kwa ajili ya AC," nafunika. Nimelipa 240,000, na bado naona ilikuwa halali yake. Chapa siitaji, kwa kuwa umbo la kichwa changu si lako.

Kasoro zake zipo. Ni nzito, wiki ya kwanza shingo ilinikumbusha kila jioni. Inavuma upepo pale kidevu kinapounganika. Na joto la saa saba kwenye foleni ya Mwenge halina dawa.

Mzula siuvai chini yake, hata ule mwembamba. Uzi unaongeza unene usio sawa na mshono unakuchoma paji. Ndani navaa kofia laini ya soksi, nyepesi, inayozuia sponji kukwangua nywele za mbele. Nimechelewa kuijua hiyo: mapaji yangu yameshaanza kupanda kwa kukaza na kusuguliwa, na msusi wangu ananiambia nisifunge tena kwa nguvu. Mzula unakaa kwenye begi, unatoka nikifika. Baraghashia aliyoniachia babu ndiyo imenishinda. Ilishonwa kwa kichwa cha mtu anayenyoa kila Ijumaa, juu ya dredi inakaa kama kikombe juu ya kichaka. Naivaa Idi tu, na shangazi zangu wanacheka.

Jambo moja lingine: usivae na dredi mbichi. Nikiosha asubuhi na kuvaa saa hiyo hiyo, jioni kichwa kinanuka kama gunia lililosahaulika stoo. Naosha Jumamosi usiku, sponji zinazotoka naziosha kwa sabuni ya kawaida na kuzianika kivulini.

Ile XL sikumpa mtu. Povu gumu jeupe lililo ndani likishapigwa halirudi, hata kama nje huoni ufa. Nilikata mkanda nikaitupa nyuma ya nyumba. Mama akaiokota, akaijaza majani, na sasa kuku wake mwekundu anatagia humo. Akipita mgeni, anachungulia nje kupitia kwenye kioo.