Pampu moja kubwa au feni mbili za mawimbi?

Tangi langu la maji ya bahari hapa Shangani, Mtwara, ni la lita 800. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga maji yazunguke mara 20 kwa saa au zaidi, yaani lita 16,000. Ubishi unaanzia hapo: uyasukume kwa pampu moja kubwa, au kwa feni za mawimbi, yaani vipampu vya pangaboi vinavyokaa ndani ya tangi na kuchochea maji?

Pampu moja kubwa kwenye tangi la chini, lile dogo linalokaa chini ya tangi kuu na kupokea maji yake, inafanya kazi yote. Ila kila kona ya bomba inaiibia nguvu, inakula umeme, na joto lake linaingia majini. Kwa jua la Desemba huku kwetu, hapana. Tena inasukuma upande mmoja. Nyuma ya mawe uchafu unalala, ukiugusa kwa kijiti unafuka kama vumbi.

Mimi nimeshika njia ya pili: pampu ya kurudishia maji juu, ya lita 4,000 hivi kwa saa, na feni mbili ndani zinazopokezana. Chokaa huziganda, naziloweka kwenye siki.

Kwa vyovyote, umeme ukikatika maji hunyonywa kurudi chini. Toboa kitundu kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya usawa wa maji, ili hewa iingie na kukata mnyonyo. Mkeka wangu ulishalowa.