Miaka 9 na injini ya 4E: kilichochoka mara nyingi ni mpira, si injini

Nina Toyota Starlet EP82 ya mwaka 1994. Nimeikalia miaka 9, sehemu kubwa ikiwa ni safari za Morogoro na Dar, na mara chache Iringa. Naandika kwa sababu mpaka leo nasikia watu wakiambiwa gereji, "hii injini imekwisha, tafuta nyingine," wakati ugonjwa wenyewe ungetibika kwa pesa ya mafuta ya wiki moja.

Injini ni 4E-FE: silinda 4, cc 1331, valvu 16. Bloku ni chuma kizito, hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, ni aluminiamu, na hilo la hedi mlishike maana ndilo lililonitoa pesa nyingi. Mkanda wa taimingi unazungusha kemshafti (shafti inayofungua valvu) moja tu, kisha hiyo inamzungusha mwenzake kwa meno. Moto unagawiwa na distributa. Zile za Japani zilihesabiwa nguvu za farasi 100, lakini farasi hao wako juu kabisa, kwenye mizunguko 6600 kwa dakika, kwa hiyo ukitaka kupita lori rudisha gia kwanza. Nikienda Dar taratibu, kilomita kama 190, inakunywa lita 12 hadi 13.

Tatizo la kwanza kunipata lilikuwa kumisi, yaani silinda kuruka bila kuwaka. Asubuhi gari inatetemeka, ikishapata moto inatulia kidogo, ukipanda mlima inakohoa. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akasema distributa, nikanunua ya mtumba pale Gerezani, Dar. Hali ikabaki ileile. Wa tatu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alichomoa waya wa plagi namba 2 na kuniambia, "Njoo uone mwenyewe." Ule mpira mrefu wa waya ulitoka unachuruzika oili. Akatumbukiza bisibisi ndefu kwenye tundu la plagi, ikarudi imelowa kiasi cha vidole vitatu. Juu ya kila plagi, ndani ya kava ya valvu, kuna sili ya mpira ya duara. Joto la miaka limeikausha mpaka imekuwa ngumu kama plastiki, oili inapenya, moto unakimbilia pembeni badala ya kuruka kwenye plagi. Tulibadilisha sili zote 4 pamoja na gasketi ya kava, tukakausha matundu, tukaweka waya mpya. Kumisi kukaisha siku hiyohiyo. Ile distributa ya mtumba ninayo stoo hadi leo. Kwa hiyo ndugu yangu, 4E ikianza kumisi, chomoa waya kabla hujatoa pochi. Haichukui hata dakika 5.

La pili ni maji. Hapa kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma. Nilikuwa naongeza maji ya bomba kwenye rejeta kila yanapopungua, bila kujiuliza yanaenda wapi. Kutu ikaziba rejeta pole pole. Siku moja napanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, abiria wanne na mizigo, mshale wa joto ukaenda juu. Nilijiambia nimalizie kona mbili nipate pa kuegesha. Kona mbili hizo ziliniunguzia gasketi ya hedi. Aluminiamu haisubiri, ikizidiwa na joto inapinda, na gasketi haiwezi tena kuziba. Dalili nilizoziona baadaye: asubuhi ukifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi, ukawasha, mapovu yanapanda mfululizo, na hozi ya juu inakuwa ngumu mapema mno. Hedi ilipelekwa kuchongwa inyooke, gasketi mpya ikawekwa, rejeta ikabadilishwa. Tangu hapo natumia kulanti tu, yaani maji maalumu ya kupoozea injini, na sijaondoa themostati (valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) ingawa mafundi wengi hupenda kuitupa. Bila themostati injini inachelewa kupata joto, nayo inakunywa mafuta zaidi.

Sailensa, yaani mzunguko wa injini wakati hujakanyaga mafuta, ikipanda na kushuka yenyewe, safisha kwanza ile valvu ya hewa iliyo chini ya throtoli (mlango wa hewa ya injini). Yangu ilikuwa imejaa masizi meusi. Mkanda wa taimingi naubadilisha kila kilomita 100,000, na fundi akifika hapo mwambie aweke na sili za kemshafti na kranki kwa mkupuo mmoja, maana oili ikidondokea mkanda mpya, wewe umerudi ulikotoka.

Kama unataka kununua gari yenye injini hii, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, aga, rudi kesho alfajiri. Ikiwa ya baridi, simama nyuma kwenye ekzosi wakati anawasha. Moshi wa bluu wa sekunde chache kisha ukakata ni sili za valvu, gari hiyo unaweza kuinunua na kupunguziwa bei. Moshi wa bluu unaoendelea kila akikanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Hiyo mwachie mwenyewe.