Miaka minne na Beetle ya 1969 na Yamaha XT500: raha yake, karaha yake, leo nasema yote

Haya wadau, karibuni tena, leo sijaleta simu wala spika, leo nimetoa vyuma vyangu viwili vya kizamani. Nyuma yangu hapa mnaiona Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969 na pembeni yake, imeegemea stendi, pikipiki ya Yamaha XT500. Hii video mmeiomba sana kwenye komenti, kila nikirusha picha lazima mtu aulize "hivi mkuu unapata raha gani kwenye mkweche kama huo?" na mimi nilikuwa nakwepa kujibu maana jibu lake refu. Leo nalijibu. Nimeishi nazo miaka minne, nimezisifia, nimezitukana, kuna siku nimezisukuma na jasho likanitoka, kwa hiyo hapa siongei kama mtu aliyeazimwa gari wikiendi moja akarudisha.

Tuanze na Beetle. Mgongo wa kobe huo kila mtu anaujua, gari ilianza kutengenezwa 1938 na ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Puebla kule Mexico tarehe 30 Julai 2003, jumla zaidi ya milioni 21, na Februari 1972 ndio iliipita ile Ford Model T iliyokuwa inashikilia rekodi kwa gari milioni 15 na ushee. Nawatajia hizi namba kwa sababu zinakugusa wewe unayetaka kununua, gari iliyomwagwa duniani kwa wingi huo spea zake hazijafa, karibu kila kitu bado kinatengenezwa, na ukikwama popote kuna mtu aliwahi kukwama na tatizo hilo hilo kabla yako.

Sasa ingia ndani. Pedali zinaota kutoka sakafuni, sio kuning'inia kama gari za sasa, mguu unachukua kama wiki hivi kuzoea. Mbele yako kuna mita moja tu, ya duara, spidi na geji ya mafuta vyote humo humo, na vitaa vichache. Utatafuta geji ya joto, hutaiona. Haipo kwa sababu hakuna maji! Hakuna rejeta, injini iko nyuma, silinda nne zimelala, mbili huku mbili kule, na zinapozwa na upepo wa feni basi.

Na hapa ndio nataka tukae kidogo maana hapa ndio utamu wa hii gari ulipo. Ile feni imefungwa kwenye shafti ya dinamo, na dinamo inazungushwa na fenibelti moja. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa unaendesha, usifikirie betri, fikiria injini, maana pengine belti imekatika na upepo haupo tena, unazima hapo hapo na kukaa pembeni. Mimi ilinikuta mwaka wa kwanza, nasikia kitu kimepiga "pwaa!" huko nyuma, taa ikawaka, nikapaki. Belti ya akiba ninayo, lakini nilikuwa sijawahi kuibadilisha kwa mkono wangu, nilikuwa nimesoma tu. Unachomeka bisibisi kwenye kile kijipengo cha puli ili isizunguke, unafungua nati kubwa ya katikati, puli inagawanyika vipande viwili na katikati kuna washa nyembamba kama sarafu, ukipunguza washa belti inakaza, ukiongeza inalegea, ukimaliza zile zilizobaki unazirudishia nje zisipotee. Ndio hivyo tu! Mtu mmoja alisimama kunipa msaada akaishia kuangalia mikono mfukoni. Dakika kama arobaini hivi, mikono myeusi tii, nikapiga stata ikawaka, aisee nilivyorudi nyumbani siku ile kichwa kilikuwa kimevimba utadhani nimeunda gari zima mimi. Gari yangu nyingine ya kila siku ikiwasha taa ya injini naipeleka kwa mtu mwenye kompyuta, ananiambia namba, nalipa, naondoka sijaelewa kitu.

Kuendesha sasa. Farasi 40. Nimesema arobaini, hujasikia vibaya. Ukiikanyaga mpaka mwisho inafika kama 120, lakini kule unaenda mara moja kujua kukoje halafu unarudi. Utamu wake uko 60 mpaka 80, hapo injini inaimba ule mlio wake wa cherehani, gia zinaingia laini, dirisha liko chini, na kwa kweli 70 ya hii gari mwili unaisikia kama 130 ya gari mpya. Mlima unaanza kuupanga ukiuona kwa mbali, unajenga mwendo, unashusha gia mapema kabla haijaanza kulalamika, ukichelewa utapanda na gia ya pili nyuma yako foleni inakuombea mabaya.

Kona ndio muwe makini jamani, hili silisemi kwa mbwembwe. Ekseli za nyuma za hii ya kwangu ni zile za kupepea, ukiingia kona kwa fujo halafu ukashtuka ukaachia mafuta ghafla, tairi za nyuma zinajikunja chini ya gari na mkia unataka kukupita. Punguza mwendo kabla ya kona, ndani ya kona shikilia mafuta kidogo, toka. Na breki ni ngoma mbele na nyuma, zinasimamisha, ila zinataka taarifa mapema. Mkanda upo, lakini mifuko ya hewa hakuna, usukani umesimama mbele ya kifua chako na tenki la petroli liko kule mbele karibu na magoti, ukilijua hilo unaendesha kwa adabu zako.

Kuna kitu kimoja kinachekesha, maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la spea! Kuna mpira unatoka kwenye spea kwenda kwenye kichupa cha maji, ndio maana spea inajazwa upepo kuzidi kawaida. Kila mgeni nikimwonyesha hiyo anaomba nirudie.

Huduma: oili lita mbili na nusu tu, hakuna filta, kuna wavu chini unaufungua unauosha. Tapeti, yaani nafasi za vali, naseti mwenyewe injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha, naweka 0.15 mm, pointi za cheche 0.4 mm, nusu siku imeisha na redio iko pembeni. Zile nati ndogo sita za kushika wavu wa oili zikazeni kwa upole. Fundi mmoja, simtaji, alizikaza kama anafunga tairi la lori akakata stadi mbili, ikawa inadondosha oili mwezi mzima, tangu hapo hiyo kazi simpi mtu.

Ukienda kununua, injini isikutishe, imeshikwa na bolti nne, inashuka chini mchana mmoja. Kinachokumaliza ni kutu. Nyanyua siti ya nyuma, betri iko hapo chini upande wa kulia, angalia sakafu yake, mara nyingi imeshaoza, na hakikisha betri ina kifuniko kwa sababu springi za siti zikigusa vichwa vya betri mtu mzito akikaa, moto. Halafu pale chini ya milango, ile mikono ya pembeni inayopitisha hewa ya joto, gonga na kidole, ikitoa sauti ya boksi achana nayo. Na siku ya kwanza tu gari ikifika kwako badilisha mipira yote ya petroli kule kwenye injini, usiangalie kama inaonekana mizima, Beetle nyingi zimeungua kwa kampira kadogo tu kalikopasuka juu ya injini ya moto.

Haya, tuhamie kwenye huyu mtukutu.

XT500 iliingia sokoni 1976. Silinda moja, 499 cc, pistoni moja kama kikombe cha uji inapanda na kushuka. Mbio za kwanza za Paris–Dakar, zile za kutoka Ufaransa kukatiza jangwa mpaka Senegal, mwaka 1979, Cyril Neveu alishinda nayo, na 1980 akashinda tena, na ukiiangalia huwezi kuamini maana haina chochote, fremu ambayo ndani yake ndio inatunza oili, tenki, siti, basi.

Na haina stata. Ni kiki. Kiki ya kweli, sio zile za mtandaoni. Na hii kiki ina taratibu zake, ukizidharau inakurudishia mguu. Kuna kileva kidogo kushoto cha kuachia mgandamizo, unakivuta, unashusha kiki pole pole huku unaangalia kidirisha kidogo pale kichwani mwa injini mpaka alama itokee, unaachia kileva, unarudisha kiki juu, halafu unashuka nayo kwa uzito wako wote bila kugusa mafuta. Mkono wa mafuta UACHE. Mimi sikuuacha, wiki ya kwanza tu, nikapigwa teke kwenye kigimbi nikachechemea siku tano. Saa hizi ikiwa ya moto nawasha kiki moja, na naomba msinicheke, kila ikikubali kwa moja natazama pembeni kama kuna aliyeona.

Barabarani inasukuma kuanzia chini kabisa, huhitaji kuizungusha, unaweka gia ya nne unasikia kila mpigo mmoja mmoja, du du du du, kama mtu anakugonga begani anakuhimiza. Ukipita 100 mtetemo unaanza kula vidole, nati zinalegea zenyewe, kila Jumamosi natembeza spana pikipiki nzima kama askari anakagua lindo. Taa ya mbele ni ya volti 6, mimi naiita mshumaa, usiku siitoi. Breki za ngoma, ya mbele hiyo unaiomba zaidi ya kuiamuru. Kwa hiyo ukiniuliza kama pikipiki ya kwanza kwa mtu anayejifunza, hapana. Kabisa. Na Beetle kama gari pekee ya kukupeleka kazini kila asubuhi, nayo hapana, utaichukia, na itakuwa sio kosa lake. Hivi vitu vinataka mtu ambaye akichelewa dakika ishirini hafukuzwi.

Swali la mwisho mnaloniuliza, ikibidi nibaki na moja ipi inaondoka. Nimelifikiria hili sana usiku, ningeuza Beetle. Najua, najua, msinitukane. Beetle inapendwa na kila mtu, ikipita watoto wanapunga mkono, wazee wanasimama wanahadithia, itapata nyumba nzuri popote. Huyu hapa anapendwa na mimi peke yangu.

Ngoja niwawashie muisikie, kamera sogea hapa usikie ekzosi. Choki nimevuta. Kileva... alama ile pale inaonekana? Haya. Mkono wa mafuta nimeachia, mashahidi ninyi. Moja. Bado, ya kwanza ni ya salamu. Mbili. Tatu. Ah, imekuwaje tena. Nne. Subirini, subirini kidogo.

Koki ya petroli imefungwa.