Steringi Yuko Wapi? Nimeitazama Laapataa Ladies na Mama

Haya, habari za leo, karibuni tena. Nipo sebuleni kwa mama, Temeke, kwa hiyo mkisikia jogoo au muuza samaki anapita, mnivumilie. Sina studio.

Niliposema nitachambua filamu ya Kihindi mlinijazia maoni. Nusu yenu mnalia kwamba Wahindi wameishiwa, hakuna tena picha la masaa matatu ambalo mtu anatoka macho mekundu. Nusu nyingine mnasema sasa ndiyo wamepona, wameacha kurusha watu kumi hewani kwa ngumi moja, wanatengeneza filamu zenye maudhui. Hilo neno nalo! Tangu mwalimu wa fasihi aandike ubaoni "fani na maudhui" sijalisikia likitajwa kama miaka hii. Kila mtu maudhui, maudhui, na ukimuuliza maudhui yapi, anaangalia pembeni.

Bidhaa ya leo ni Laapataa Ladies, ya mwongozaji Kiran Rao. Ilitoka kwenye majumba ya sinema ya India Machi 1, 2024, mwishoni mwa Aprili ikaingia Netflix. India waliichagua iwawakilishe kwenye Oscar, ikaishia njiani. Ni saa mbili na dakika chache tu, kwa hiyo hata bando lako halitateketea lote. Nimeitazama mara mbili, na mara ya pili nilikaa na mama, na ndiye aliyenionyesha kitu ambacho mimi mchambuzi mzima nilikuwa nimekipita.

Mama ni mtu wa Avalon, lile jumba la sinema la picha za Kihindi. Watu wazima wa Dar mnanielewa. Enzi hizo wanakwenda na kanga mpya, wanarudi wamekariri nyimbo zote na hakuna hata mmoja anayejua Kihindi. Basi nikawasha filamu. Hazijapita dakika ishirini akanigeukia.

"Mwanangu, steringi yuko wapi? Mbona hatokei?"

Nikamwambia, mama, steringi si ndiye huyu kijana, Deepak?

"Huyu? Huyu anayelia?"

Ndiyo, huyo anayelia. Deepak ni mkulima wa kijijini, mwaka ni 2001, anamrudisha nyumbani mke aliyemwoa juzi, anaitwa Phool. Treni imejaa, na ni msimu wa harusi, kwa hiyo ndani ya behewa kuna maharusi kadhaa, wote nguo nyekundu, wote mtandio umeshushwa mpaka kifuani. Humwoni mtu uso. Usiku wa manane Deepak anashtuka, kituo kimefika, anashika mkono wa bibi harusi, wanashuka. Wanafika nyumbani, ngoma zinalia, mtandio unainuliwa, si yeye. Phool wa watu amebaki kwenye treni.

Kisa cha bibi harusi kubadilishwa ni cha zamani kuliko Avalon yenyewe. Kwa hiyo msinidanganye kwamba kipya hapa ni maudhui. Tazameni kinavyosimuliwa. Deepak anakwenda polisi kuripoti mke aliyepotea. Anaulizwa, una picha yake? Anayo, ya harusi, anaitoa kwa heshima zote. Polisi anaitazama: kijana anatabasamu, na pembeni yake kitambaa chekundu. Ndiyo picha ya mke. Pale mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga, halafu akanyamaza ghafla. Hapo filamu haikusema neno juu ya haki za wanawake, haikuleta hotuba. Ilionyesha picha tu.

Upande wa pili, Phool yuko kituoni peke yake. Kijiji cha mume hakijui jina, anakumbuka tu kwamba lina uhusiano na ua. Jina la mume analijua, ila hawezi kulitamka, kwa sababu kwao mke hamtaji mumewe. Likumbukeni hilo, nitalirudia. Anaokotwa na mama mmoja muuza chai na bajia pale kituoni, Manju Maai, ameigizwa na Chhaya Kadam. Huyu mama amewafukuza mume na mtoto waliokuwa wanakula jasho lake na kumpiga juu. Ananuna, anafoka, na kila anachokipika unakinusa. Phool anamtengenezea kalakand, kitamu cha maziwa, tuseme ndugu yake barfi. Zinanunuliwa, na Manju Maai anampa ujira wake. Binti hajawahi kushika hela ya jasho lake maishani. Mama yangu aliyetusomesha kwa maandazi hapo hakusema kitu, alisogea tu mbele kwenye kiti.

Sasa twende kwa huyo polisi. Kama hupendi kuhadithiwa mwisho, ruka dakika mbili.

Anaitwa Shyam Manohar. Muda wote mdomo umejaa tambuu, muda wote mkono uko tayari kwa kitu kidogo. Anamshuku yule bibi harusi wa makosa, Jaya, kwamba ni tapeli wa kuolewa na kukimbia na dhahabu. Anamfuatilia kama fisi. Na wewe unayetazama hujui kabisa huyu mtu ataishia wapi. Ni mbaya? Ni mchekeshaji? Atamuuza yule binti kwa mumewe katili? Mpaka dakika za mwisho pale kituo cha polisi, moyo unadunda, hujui. Halafu anafanya la haki, tena kwa sheria, huku tambuu lake liko shavuni.

Ameigizwa na Ravi Kishan. Lakini mtayarishaji wa filamu hii ni Aamir Khan, steringi mkubwa wa India, na mwenyewe alieleza kwamba nafasi hiyo aliitaka, akafanya majaribio mbele ya kamera kama mwigizaji yeyote. Kiran Rao, ambaye aliwahi kuwa mkewe, akampa mwingine.

Hebu fikirini angekuwa yeye. Aamir Khan anaingia na tambuu, mama yangu angekaa sawa palepale: haa, steringi amefika! Ingekuwa imekwisha. Sote tungejua kwamba huyu polisi, hata achukue rushwa kutoka asubuhi mpaka jioni, mwisho atakuwa mwema, kwa sababu steringi hawezi kuwa mshenzi mpaka mwisho, kama ambavyo steringi hafi. Najua, najua, Amitabh Bachchan alikufa kwenye Sholay mwaka 1975, msiniandikie. Alikufa mmoja na wa pili akabaki, na mpaka leo watu wanamlilia.

Hapo ndipo mama aliponifungua macho, kwa lile swali lake la steringi. Jina kubwa kwenye bango zamani lilikuwa ahadi: lipa, utapata unachokijua. Siku hizi, kwa filamu za aina hii, kile unachokijua ndicho kinachoiua.

Rudini mwaka 2018 mwone. Mwaka ule akina Khan wote watatu, masteringi wakubwa wa India, walileta mizigo. Salman na Race 3, ikakusanya hela zake huku watu wanaifanya utani. Shah Rukh na Zero, ikaanguka Desemba. Katikati, Novemba, ikaja Thugs of Hindostan, Aamir na Amitabh ndani ya meli moja. Siku ya kwanza iliingiza zaidi ya rupia milioni 500. Siku chache baadaye viti vitupu. Na mwaka huohuo kuna Badhaai Ho, kisa cha mama mtu mzima mwenye kijana wa kuoa, anapata ujauzito, familia nzima inatafuta pa kuficha uso. Ile ilikaa kwenye majumba ya sinema wiki baada ya wiki. Watu walikuwa wanapeleka wazazi wao!

Kilichobadilika, mimi nasema, si kwamba Wahindi wameamka wote wasomi. Kilichobadilika ni muda. Zamani steringi alikuwa anakuuzia Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na habari kwamba picha ni bovu inafika mtaani Jumatatu, hela zimeshaingia mfukoni. Mwaka 2016 Netflix imeingia India, na kampuni ya simu ya Jio ikamwaga intaneti ya bei ya chini mpaka vijijini. Sasa mtu anatazama onyesho la asubuhi, mchana nchi nzima imeambiwa. Thugs haikuuawa na watu wenye ladha ya juu, iliuawa na simu.

Laal Singh Chaddha ya Aamir ilipozama Agosti 2022 ilikuwa na kampeni ya kuisusia pia, kwa hiyo siiweki kwenye hesabu yangu. Ila Raksha Bandhan ya Akshay Kumar ilitoka siku ileile, nayo haikufika mbali.

Sasa wale wa "zama za masteringi zimekwisha", ngojeni kwanza. Mwaka 2023 Shah Rukh Khan alitoa Pathaan mwezi Januari na Jawan mwezi Septemba, kila moja ikapita rupia bilioni 10 duniani. Kwa risasi, pikipiki na kutembea taratibu upepo ukipuliza nywele. Na hii Laapataa Ladies tunayoisifu, kwenye majumba ya sinema ilijikongoja, jina lake lilipaa ilipofika Netflix. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wapenda maudhui hawaipendi kuisikia. Mtazamaji amegawa mifuko miwili. Hela ya tiketi ni ya kwenda kupiga mayowe na watu mia tatu gizani. Hadithi ya kumkaa moyoni anaisubiri nyumbani.

Na bei imo humo. Septemba 23, 2022 majumba mengi ya India yaliuza tiketi kwa rupia 75 kwa siku moja, wakaingia watu kama milioni 6.5. Siku moja! Watu wale hawakuwa wameichoka sinema, walikuwa wanapiga hesabu. Ninachokiogopa ni kwamba watayarishaji nao wamepiga hesabu yao: cha kelele kiende ukumbini, cha hadithi kisubiri kampuni ya mtandaoni ikinunue. Siku kampuni ikisema hainunui, Phool na Manju Maai hawatakuwa na pa kukaa.

Kasoro. Mume wa Jaya ni mbaya tu, mbaya kama jambazi wa mikanda ya zamani, hana hata pumzi ya ubinadamu. Mambo yote yanafungwa jioni moja, harakaharaka. Na Manju Maai kuna mahali anaacha kuzungumza na Phool, anazungumza na mimi na wewe. Nyimbo zipo, Sajni ya Arijit Singh itakukaa kichwani, lakini hakuna anayesimama kucheza mlimani. Mama alilalamikia hilo mpaka mwisho.

Nimeahidi kurudi kwenye jina. Mwishoni Phool anamwona Deepak kule mbali kwenye jukwaa la kituo, na ili asikie hana njia nyingine, anamwita. Kwa jina. Mama akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akaniambia rudisha tena.

Mama hajawahi kumwita baba kwa jina lake. Alikuwa Baba Fulani, yaani mimi, mpaka siku tunamzika. Filamu ilipokwisha nikainuka kukusanya vikombe, nikamsikia nyuma yangu analitaja jina la baba, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Nikajifanya sijasikia, nikaenda zangu jikoni.

Haya, jogoo ameanza tena. Niandikieni hapo chini, mama yenu yeye anamwitaje baba?