Mahaba na uchawi katika kumbi za London: riwaya ipi ununue kwanza?

Riwaya hizi nne za Kiingereza, za mapenzi na uchawi, ninazowapimia wasomaji vijana, huwekwa Uingereza kati ya 1811 na 1820, miaka ambayo Mfalme George III hakuweza tena kutawala kwa sababu ya maradhi na mwanawe akashika madaraka kwa niaba yake. Majalada yake yanafanana mno: gauni, mishumaa, jumba kubwa. Kwa hiyo mimi hupima kwa swali moja: ukiuondoa uchawi, je, hadithi inabaki vilevile? Ikibaki, usitoe pesa yako. Binti wa tabaka la juu wakati ule alipelekwa London kwenye dansi na karamu ili apate mume. Familia yake ndiyo iliyotoa fedha za ndoa, kinyume na mahari tuliyoizoea sisi, na akishaolewa, sheria iliiweka mali yake mikononi mwa mumewe. Uchawi wenye maana ni ule unaogusa kifungo hicho.

1. Half a Soul, Olivia Atwater

Hiki ndicho cha kuanza nacho. Dora alinyang'anywa nusu ya roho yake na jini wa Kiingereza akiwa mtoto, na tangu hapo hofu na aibu hazimshiki kama zinavyowashika wengine. Katika jamii inayomtawala msichana kwa aibu, huo ni msiba mkubwa, lakini pia ni uhuru wa ajabu: Dora husema anachokiona. Anamsindikiza binamu yake Vanessa London kutafuta mchumba, na huko anakutana na Elias Wilder, mchawi wa serikali, mkali na asiye na adabu kwa mabwanyenye kwa sababu amechoka kuona maskini wakidharauliwa. Penzi lao linakua wakiwahangaikia watoto waliolala usingizi usioamshika katika nyumba za kazi za mafukara. Sijasoma penzi jingine la aina hii lenye huruma kama hili. Hadithi inaisha humo humo, kwa hiyo hulazimiki kununua cha pili. Kwa mateso ya watoto hao, nisingempa msomaji wa chini ya miaka 14.

2. The Dark Days Club, Alison Goodman

Kati ya vinne hivi, hiki ndicho kinachokupa London ya 1812 kwa undani zaidi. Lady Helen anatambulishwa kwa Malkia Charlotte, kisha anagundua kuwa ana nguvu za kupambana na viumbe waovu wanaojificha miongoni mwa watu. Anayemfunza ni Lord Carlston, mtu anayeshukiwa kumuua mkewe. Kina mwendo wa polepole na ni juzuu ya kwanza kati ya tatu. Bajeti yako izihesabu zote, maana ya kwanza peke yake itakuacha na njaa.

3. Sorcery & Cecelia, Patricia C. Wrede na Caroline Stevermer

Kilitoka 1988. Ni barua tupu kati ya mabinamu wawili, mmoja London, mwingine shamba, na waandishi wenyewe waliianza kama mchezo wa kuandikiana. Chepesi, kinachekesha, kinafaa hata kwa mwenye miaka 12. Mapenzi ni kidogo.

4. Sorcerer to the Crown, Zen Cho

Nakiweka mwisho kwa sababu ya Kiingereza chake cha kizamani, ambacho ni kigumu, na kwa sababu hakikuandikwa hasa kwa vijana. Lakini msomaji Mwafrika mwenye uvumilivu akipate. Zacharias Wythe ni Mwafrika aliyekombolewa utumwani utotoni, sasa ni mchawi mkuu wa Uingereza, na wenzake hawamtaki. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni yake, na uzito huo unausikia katika kila salamu anayopewa. Prunella, msichana aliyekulia katika shule inayowafunza wasichana kuzima vipaji vyao vya uchawi, ni mhusika wa kukumbukwa.

Kabla ya kulipa, pakua sura ya mwanzo ya bure ya kitabu pepe. Lugha ikikulemea humo, chukua namba 3 kwanza, kisha urudi kwa Dora.